Wewe ni wa Wapi?



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu swali ambalo askari wa zamu huliuliza pengine kuliko swali lingine lolote. Swali lenyewe ni fupi, lina maneno manne tu: "Wewe ni wa wapi?" Anayeliuliza huwa ameshika bunduki au kalamu. Anayeulizwa mara nyingi huwa hana kitu mkononi. Kwa hiyo inafaa tujiulize: je, anayeuliza anajua hasa anachokiuliza?

Tuanzie hapa hapa Jebel. Mlima huu wa Jebel Kujur umeona watu wengi wakipita chini yake. Soko la Jebel lina wachuuzi kutoka Uganda, Kenya, Kongo, Somalia na Sudan. Barabara ya kwenda Yei inaanzia hapa, nayo huleta watu wa mpakani ambao ndugu zao wako upande wa pili wa mstari uliochorwa na wakoloni. Chini ya mlima, tangu vita vya Desemba 2013, yalikuwako maelfu ya watu waliokimbilia kwenye kituo cha Umoja wa Mataifa. Mwaka 2020 kambi hizo zilitolewa katika orodha ya maeneo ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, zikawa kambi za kawaida za wakimbizi wa ndani, na dhamana ya usalama wake ikawa ya Serikali, yaani yenu ninyi.

Sasa tuchukue mfano. Kijana anasimamishwa jioni kwenye kizuizi. Anazungumza Kiarabu cha Khartoum. Hana jinsiya, wala pasipoti, wala cheti cha aina yoyote. Askari anamwuliza: "Umezaliwa wapi?" Anajibu: "Khartoum." Askari anasema: "Basi wewe si wa hapa, wewe ni wa Sudan." Kijana anajibu: "Kule waliniambia mimi si wa kule, mimi ni wa Kusini."

Ndugu askari, kijana huyo ni mfano tuliouunda kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini hali yake hatukuibuni. Wenzake ni wengi, na jambo la kwanza la kuona ni kwamba kila mmoja wa wale wawili waliomkataa ametumia kipimo chake. Wa Khartoum amepima asili ya wazazi. Wa Jebel amepima mahali pa kuzaliwa. Kila mmoja amechukua kipimo kinachomtupa kijana nje. Hivyo ndivyo mtu anavyokosa nchi huku amesimama katikati ya nchi mbili.

Kuna mambo matatu ambayo sisi tunayachanganya kila siku. La kwanza ni mahali pa kuzaliwa. La pili ni utaifa kwa maana ya asili, yaani kabila, ukoo, lugha na desturi. La tatu ni uraia.

Mahali pa kuzaliwa ni tukio. Mama alikuwa safarini, au alikuwa mkimbizini, au alikuwa mke wa askari aliyehamishwa kituo, mtoto akazaliwa hapo. Mtoto hakuchagua. Asili nayo ni urithi. Mtu huipokea kama anavyopokea sura ya babu yake, na hakuna serikali inayoweza kumpa wala kumnyang'anya. Lakini uraia si tukio wala si damu. Uraia ni kifungo cha sheria kati ya mtu na dola. Dola inasema: huyu ni wangu, nitamlinda, nitampa haki, naye ana wajibu kwangu. Katika vitabu vya sheria vya nchi nyingi maneno utaifa na uraia huandikwa kama jambo moja. Mitaani watu wakisema utaifa humaanisha asili, na hapo ndipo mchanganyiko unapoanzia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1954 unamweleza mtu asiye na uraia kuwa ni yule ambaye hakuna dola yoyote inayomhesabu kuwa raia wake kwa mujibu wa sheria zake. Mkataba hausemi kwamba mtu huyo hana kabila. Hausemi kwamba hakuzaliwa mahali. Kila mtu amezaliwa mahali, na kila mtu ana asili. Kinachokosekana ni dola inayokubali kusema: huyu ni wangu.

Je, sheria ya Sudan Kusini inasemaje? Wengi wanaosimamia vizuizi hawajapata kuisoma, na si kosa lao, kwani hawakupewa. Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 inamtambua mtu kuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi wake, au babu au bibi yake, au mmoja wa wazazi wa hao babu na bibi, alizaliwa katika nchi hii, awe wa upande wa baba au wa upande wa mama. Pia anatambuliwa mtu ambaye ni wa mojawapo ya jamii za asili za Sudan Kusini. Tena anatambuliwa yule ambaye yeye au wazazi wake au babu zake wamekuwa na makazi hapa tangu tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Mtoto mchanga aliyeokotwa, wazazi wake wasijulikane, huhesabiwa kuwa raia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mgeni anaweza kuomba uraia wa kuandikishwa baada ya kuishi hapa miaka 10 mfululizo na kutimiza masharti mengine. Aidha Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inasema kwamba kila aliyezaliwa na mama au baba wa Sudan Kusini ana haki ya uraia, haki asiyoweza kunyang'anywa.

Tazameni basi matokeo yake. Mtoto wa wazazi wawili wa Uganda aliyezaliwa Jebel hawi raia wa Sudan Kusini kwa sababu tu alizaliwa Jebel. Lakini mtoto aliyezaliwa Khartoum, au Kakuma nchini Kenya, au Adjumani nchini Uganda, ambaye mama yake ni wa nchi hii, ni raia, hata kama baba yake hajulikani, na hata kama yeye mwenyewe hajui neno moja la lugha ya mama yake. Kwa hiyo askari anayesema "umezaliwa Khartoum, basi wewe ni wa Sudan" hajasema lililo katika sheria ya nchi yake. Amesema la kichwani mwake.

Upande wa Sudan nao una sehemu yake. Baada ya uhuru wa Kusini tarehe 9 Julai 2011, Bunge la Khartoum lilibadili sheria ya uraia mwaka huohuo. Likaamua kwamba uraia wa Sudan utaondoka kwa yeyote aliyepata uraia wa Sudan Kusini, ama kwa sheria ama kwa hali halisi. Muda wa mpito ulikwisha tarehe 8 Aprili 2012. Mamia ya maelfu ya watu waliokwisha kuishi Kaskazini miaka 20 au 30 wakajikuta wageni katika nyumba walizozijenga. Wengi walikuwa hawajapata hati yoyote kutoka Juba. Mwezi Mei na Juni mwaka huo, watu zaidi ya 11,000 waliokuwa wamekwama bandarini Kosti walisafirishwa kwa ndege mpaka Juba. Mwezi Septemba 2012 nchi hizi mbili zilitia sahihi mjini Addis Ababa mapatano ya uhuru nne: wa kukaa, wa kutembea, wa kufanya kazi na wa kumiliki mali. Na vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, mamia ya maelfu wengine walivuka mpaka karibu na Renki, wengi wao mikono mitupu. Kijana wa mfano wetu angeweza kuwa mmoja wao.

Ndugu askari, liko jambo jingine linalowahusu ninyi zaidi kuliko raia wa kawaida. Ni habari ya askari wenzenu wa zamani, na ilianza karibu sana na hapa.

Katika karne ya 19, eneo hili lilikuwa jimbo la Ikweta chini ya utawala wa Misri. Makao yake yalikuwa Lado, kwenye ukingo wa Nile, si mbali na Juba ya leo. Gavana wake kuanzia mwaka 1878 alikuwa Emin Pasha. Askari wake walitoka katika makabila mengi, wakiwamo watu wa sehemu hizi hizi. Vita vya Mahdi vilipokata njia ya Khartoum, walirudi nyuma kuelekea kusini. Emin aliondoka mwaka 1889; askari wengi wakabaki na familia zao karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Uingereza aliwakuta huko, akawaandikisha, akawapeleka Uganda. Hao na watoto wao ndio walioitwa Wanubi. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, wao walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Walipigana katika vita vya 1914 hadi 1918, na wana wao wakapigana tena katika vita vya pili vya dunia.

Waliozeeka katika utumishi huko Kenya hawakurudishwa kwao. Walipewa mahali pa kukaa kando ya Nairobi, penye msitu. Kwa lugha yao msitu ni kibra, na hapo ndipo lilipotoka jina la Kibera. Mwaka 1918 ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, ilitangazwa kuwa ya jeshi. Lakini hawakupewa hati. Walikuwa wakaaji kwa hisani ya mkoloni.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, sheria ilisema kwamba aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Kenya, ni raia. Kwa maandishi hayo Wanubi wengi walikuwa raia siku hiyo hiyo. Kilichowazuia hakikuwa sheria. Kilichowazuia kilikuwa dirisha la ofisi. Kijana wa Kinubi alipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, akaulizwa hati za babu yake, akaambiwa arudi kesho, kisha kesho kutwa. Mwenzake wa kabila jingine alipita bila maswali hayo. Babu alikuwa amebeba bunduki ya dola. Mjukuu hakuweza kupata kadi ya dola, na bila kadi hakuweza kuajiriwa, kufungua akaunti ya benki, wala kutembea usiku bila kuogopa polisi.

Mwezi Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba watoto wa Kinubi walikuwa wamenyimwa haki ya kupata uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hati ya ardhi ya ekari 288 huko Kibera. Katika nchi hiyo hiyo Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai kutambuliwa, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamakonde walipewa jembe siku ya kwanza, kitambulisho wakakingoja karibu miaka 80.

Uganda ilifanya tofauti. Katiba yake ya mwaka 1995 ina orodha ya jamii za asili zilizokuwamo nchini tarehe 1 Februari 1926, na Wanubi wamo. Watu ni wale wale, babu ni wale wale waliotoka Ikweta. Upande mmoja wa mpaka ni raia bila ubishi. Upande wa pili walihangaika nusu karne. Je, tofauti ilikuwa katika damu? Hapana. Ilikuwa katika uamuzi wa dola, na katika mkono wa ofisa anayeutekeleza uamuzi huo.

Wako watakaosema: mwandishi wa redio hajui hatari. Nchi ina maadui. Mipaka iko wazi. Tukimwamini kila asiye na hati, tutawapitisha wahalifu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kazi ya askari ni kushuku pale penye sababu ya kushuku, na hakuna anayewataka muache. Tunasema tu kwamba kukosa hati si ushahidi wa uhalifu, na lafudhi si ushahidi wa uraia. Mhalifu mwenye fedha huwa wa kwanza kuwa na hati nzuri. Asiye na hati kwa kawaida ni maskini, yatima, mchunga ng'ombe, au mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni.

Tena fikirini suala la utekelezaji. Mgeni mwenye nchi yake akivunja sheria anaweza kurudishwa kwao. Lakini asiye na nchi mtamrudisha wapi? Atakaa mahabusu, atakula chakula cha mahabusu, siku ya mwisho atafunguliwa na kurudi pale pale sokoni, isipokuwa sasa ana uchungu moyoni. Mtu aliyeandikwa jina lake, alama za vidole vyake na mahali anapokaa ni rahisi kwa polisi kumpata. Mtu ambaye dola imekataa kumwandika ndiye asiyepatikana. Kwa hiyo kumwandikisha mtu ni kuimarisha usalama.

Na wanaotaka kuona mwisho wa njia ya kunyang'anya watu uraia, waitazame Kongo ya mashariki. Mwaka 1972 sheria ya Zaire iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikadai ushahidi wa asili wa tangu tarehe 1 Agosti 1885. Nani mwenye karatasi ya babu yake ya mwaka 1885? Watu waliolala raia wakaamka wageni. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilikuwa na sababu nyingi, lakini hiyo ilikuwa mojawapo. Sheria ya mwaka 2004 ilijaribu kurekebisha kwa kuitambua tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru. Kalamu ilirekebisha baada ya miaka 23. Walioanguka katikati hawakufufuka.

Kwa upande mwingine, Tanzania ilikubali kuwapa uraia wa kuandikishwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, waliokuwa wamelima mashamba yao kwa zaidi ya miaka 30. Nchi haikuvunjika kwa hilo. Ilipata walipa kodi na wapiga kura wenye majina kwenye daftari.

Ndugu askari, sasa tunafika kwenye wajibu. Sheria ya uraia ina wasimamizi wake, nao ni maofisa wa Idara ya Uraia, Pasipoti na Uhamiaji, ambao nao huvaa sare. Askari wa kizuizi si hakimu wa uraia. Akimkuta mtu bila hati, anaweza kumwuliza jina, jina la mama, jina la baba, mahali wanapokaa, na nani anawajua. Akiwa na shaka ya haki, aandike katika kitabu cha kituo, ampeleke kwa wahusika, na mtu huyo asikilizwe. Asimchanie mtu karatasi, hata ikiwa ni karatasi chakavu ya kambi ya wakimbizi, kwa sababu karatasi hiyo chakavu pengine ndiyo ushahidi pekee alionao duniani. Asimtenge mama na mtoto. Wala asipokee fedha ili kumruhusu mtu kupita, kwa kuwa haki ikinunuliwa kizuizini, raia wa kesho atakuwa ni yule mwenye mfuko mzito.

Ofisa wa uandikishaji naye akumbuke kwamba sheria imetaja upande wa mama sawasawa na upande wa baba. Akimwambia yatima "mlete mjomba na baba mdogo" huku vita vya 2013 na 2016 vimewamaliza, amemfungia mlango ambao sheria imeuacha wazi. Na mtu wa mpakani, awe Mkakwa, Mmadi, Mwacholi au Mzande, asiulizwe maswali kumi zaidi kwa sababu tu ndugu zake wengine wako Uganda au Kongo.

Mwisho, kila askari anayetusikiliza na ajiulize jambo moja kimyakimya. Cheti changu mimi cha kuzaliwa kiko wapi? Wengi kati yetu tulizaliwa msituni, njiani, au kambini katika nchi ya watu. Wengi tuna hati iliyoandikwa kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu hakuna aliyeikumbuka siku yenyewe. Mganga alitutazama, akakadiria umri wetu, akapiga mhuri. Tulisadikiwa. Kuna mzee aliyesimama mbele ya meza akasema: huyu ni wa kwetu, namjua. Kwa neno hilo moja tukawa raia, na baadhi yetu tukapewa sare na bunduki za dola.

Kijana yule wa Khartoum amesimama kwenye kizuizi bila mzee wa kumsemea. Sheria ndiyo mzee wake, na ninyi ndio mnaotumwa na sheria. Leo usiku mtakapouliza "wewe ni wa wapi?", msikilizeni jibu mpaka mwisho kabla ya kuamua njia ya kumpeleka.